Ukitaka Kuuza kwa Jirani, Nunua Kwake Pia

(Mazungumzo haya yalitolewa katika semina ya siku moja ya viongozi wa vikundi vya akina mama, wafanyabiashara wadogo wa mpakani na wanachama wa vyama vya ushirika, katika ukumbi wa parokia hapa Busia. Tumeyaandika karibu kama yalivyosemwa. Mwishoni kuna maswali ya kujadiliana katika vikundi vyenu.)



Nimepewa kichwa kirefu cha kuzungumzia. Katika barua niliyoletewa kimeandikwa hivi: "Ushirikiano wa nchi jirani na maendeleo ya dunia." Nilipokisoma nilicheka kidogo. Nikajiuliza, mama anayevuka asubuhi na trei kumi za mayai, habari za dunia zitamsaidia nini? Bei ya mayai tu inamtosha kuumiza kichwa.

Lakini nikakumbuka kitu kimoja. Miaka ya sitini na sabini, mtu akitaka kutoka kituo cha forodha cha upande huu hadi kile cha upande wa Uganda, ilibidi atembee kwa miguu na mzigo wake. Vijana wakaona hapo kuna kazi. Wakachukua baiskeli, wakaweka kiti nyuma, wakawa wanaita abiria kwa Kiingereza chao cha barabarani: boda, boda! Yaani nakupeleka kutoka mpaka huu hadi mpaka ule. Leo neno hilo liko Mombasa, liko Kampala, liko Juba. Limetoka kwetu sisi watu wa mpakani, wala halikutungwa na waziri yeyote.

Kwa hivyo nikasema, basi nitazungumza. Maana habari ya nchi kuungana au kufarakana huanzia hapa, pale kwenye lango. Na jambo ninalotaka mwende nalo nyumbani ni moja tu: umoja wa nchi hudumu pale faida inapogawanywa, na huvunjika pale mmoja anapouza tu na mwingine ananunua tu. Sisi Wakenya hasa inatupasa tulisikie neno hili, hata kama ni chungu kidogo. Nitaeleza kwa nini.

UMOJA WA KWANZA ULIVUNJIKAJE?

Wengi wenu hapa ni vijana. Mnafikiri Jumuiya ya Afrika Mashariki ni kitu kipya. Sivyo. Hii tuliyo nayo ni ya pili.

Reli kutoka Mombasa ilifika Kisumu mwaka 1901. Baada ya hapo Waingereza, waliokuwa wakitawala, waliona ni taabu kutoza ushuru mara mbili kwa mzigo mmoja. Mwaka 1917 wakaunganisha ushuru wa forodha wa Kenya na Uganda, na baadaye Tanganyika nayo ikaingizwa. Kumbukeni lakini, umoja ule haukufanywa kwa ajili yetu. Ulifanywa kwa ajili ya pamba, kahawa na walowezi. Viwanda vikajengwa Nairobi, maofisi yakawekwa Nairobi. Uganda na Tanganyika wakawa wateja.

Tulipopata uhuru, viongozi wetu waliliona tatizo hilo. Tarehe 6 Juni 1967, Kenyatta, Nyerere na Obote walitia sahihi mkataba wa ushirikiano huko Kampala. Walijaribu kusawazisha mambo. Makao makuu ya Jumuiya yaliwekwa Arusha. Reli na ndege zilibaki na makao Nairobi, bandari zikaenda Dar es Salaam, posta na simu zikaenda Kampala. Wakaanzisha Benki ya Maendeleo ya Afrika Mashariki, na katika kanuni zake wakaandika kwamba kati ya kila shilingi 100 zitakazowekezwa, Tanzania na Uganda zipate shilingi 38 na senti 75 kila moja, na Kenya ipate 22 na nusu. Mnaona? Mwenye kidogo aongezewe ili naye ainuke. Pia Tanzania na Uganda ziliruhusiwa kutoza kodi kidogo bidhaa za viwandani zilizotoka Kenya, ili viwanda vyao vichanga visife.

Ilikuwa nia njema. Lakini pengo lilikuwa kubwa, na bado Kenya iliuza zaidi kuliko ilivyonunua. Kisha siasa ikaingia. Kenya ilifuata njia yake na Tanzania ikafuata ujamaa. Januari 1971 Idi Amin alimpindua Obote, na Mwalimu Nyerere akakataa kuketi naye meza moja. Sasa, Jumuiya ile ilikuwa juu ya mabega ya marais watatu. Marais wakiacha kukutana, nani ataamua? Wakaanza kugombania fedha za reli, mabehewa na ndege. Mapema mwaka 1977 Shirika la Ndege la Afrika Mashariki likafa, na mwezi wa Februari Tanzania ikafunga mpaka wake na Kenya. Mpaka ule haukufunguliwa tena hadi Novemba 1983. Karibu miaka saba!

Niliona jambo hili kwa macho ya mtoto. Baba yangu mdogo alikuwa mfanyakazi wa reli huko Tabora. Alirudi nyumbani na sanduku moja la bati na sare yake ya kazi. Wazee wakamwuliza, "Umefukuzwa?" Akajibu, "Sikufukuzwa. Shirika limegawanywa kama nyama." Kugawana mali ya Jumuiya kulimalizwa kwa mkataba wa Mei 1984, tena kwa msaada wa msuluhishi kutoka Uswisi. Lakini wafanyakazi wengi wa zamani walisumbuka kwa miaka mingi baadaye wakidai malipo yao.

Na watu wa mpakani je? Wao hawakuacha kuvuka, ila walianza kuvuka usiku. Wazee wa upande wa Bungoma wanakumbuka Chepkube. Baridi kali iliunguza kahawa ya Brazil mwaka 1975, bei ikapanda duniani kote, na kahawa ya Uganda ikamiminika Chepkube kwa magendo. Wachache walitajirika, wengi walipigwa na wengine wakaozea jela. Ndipo tukajifunza kwamba kufunga mpaka hakukomeshi biashara. Kunaitoa mikononi mwa mama wa sokoni na kuitia mikononi mwa mwenye bunduki na mwenye hongo.

HII YA SASA INA NINI KIPYA?

Tarehe 30 Novemba 1999, Moi, Museveni na Mkapa walitia sahihi mkataba mpya huko Arusha. Ulianza kazi tarehe 7 Julai 2000. Rwanda na Burundi zikaingia mwaka 2007, Sudan Kusini mwaka 2016, Kongo mwaka 2022, na Somalia ikakamilisha kuingia Machi 2024. Sasa tuko nchi nane, kutoka Bahari ya Hindi mpaka Atlantiki.

Kilichonifurahisha mimi ni kwamba waandishi wa mkataba ule hawakuficha aibu ya kwanza. Mwanzoni kabisa wametaja sababu za kuvunjika kwa Jumuiya ya zamani. Kwanza, viongozi hawakuwa na nia thabiti ya kisiasa. Pili, wananchi na wafanyabiashara hawakushirikishwa vya kutosha. Tatu, faida haikugawanywa sawasawa kati ya nchi. Shikeni hizo tatu. Nitazirudia.

Halafu wakaenda hatua kwa hatua. Umoja wa Forodha ulianza Januari 2005, na kufikia Januari 2010 ushuru wa forodha kati ya nchi wanachama ulipaswa kuwa umeondolewa wote. Julai 2010 likaanza Soko la Pamoja, ambalo linagusa pia watu kusafiri na kufanya kazi. Tangu Januari 2014 Mkenya, Mganda na Mnyarwanda wanaweza kuvukiana kwa kitambulisho tu. Na hapa kwetu Busia, Februari 2018, marais wa Kenya na Uganda walifungua rasmi kituo kimoja cha mpakani. Zamani ulipigwa mhuri huku, ukaenda ukapigwa mwingine kule. Siku hizi maafisa wa nchi zote mbili wanakuhudumia mahali pamoja, upande ule unaoingia.

Sarafu moja bado. Walisema itakuwa tayari mwaka 2024, sasa wanasema 2031. Si neno. Afadhali kuchelewa kuliko kujenga nyumba juu ya mchanga.

KARATASI AMBAYO MAMA HAAMBIWI

Sasa tuje kwenye kikapu chako.

Mwaka 2012 mimi mwenyewe nilikuwa mchuuzi wa maharagwe. Nilinunua magunia manne upande wa pili. Mtu mmoja niliyemwamini akaniambia, "Mama, pale kwenye lango kuna makaratasi ya matajiri wenye malori. Wewe pita chini, njia ya panya." Nikapita chini, usiku, na vijana wawili wa baiskeli. Tulikamatwa. Nilitoa kitu kidogo, ambacho hakikuwa kidogo, na bado magunia mawili sikuyaona tena. Nililia kama aliyefiwa.

Uchungu wangu haukuwa ile hasara tu. Miezi michache baadaye nilikuja kujua kwamba maharagwe yale hayakupaswa kulipa ushuru wa forodha hata senti moja! Niliiba njia katika nyumba yangu mwenyewe.

Sikilizeni basi. Jumuiya ina kitu kinachoitwa Cheti Rahisi cha Asili ya Bidhaa. Ni kwa ajili ya mfanyabiashara mdogo, ambaye mzigo wake hauzidi thamani ya dola 2,000 za Marekani. Kinathibitisha kwamba bidhaa imelimwa au imetengenezwa katika nchi ya Jumuiya. Kiko pale mpakani kwa maafisa wa forodha. Ukiwa nacho, na bidhaa yako iko kwenye orodha inayokubaliwa, hulipi ushuru wa forodha. Orodha hiyo ina vyakula vingi tunavyouza hapa, kama mahindi na maharagwe. Ombeni kuiona.

Lakini tusidanganyane. Cheti hiki hakifuti kila kitu. Kodi nyingine za nchi zinaweza kubaki. Vyakula, mbegu na mifugo vinahitaji ukaguzi wa afya. Tena lazima bidhaa iwe ya kwetu kweli. Mchele wa Mwea ni wa Afrika Mashariki. Mchele wa Thailand uliofungwa upya katika gunia lililoandikwa jina la duka la Kampala, huo bado ni wa Thailand. Ukisema uongo hapo, unamharibia mwenzako anayekuja nyuma yako na mzigo wa haki.

Ile sababu ya pili ya mwaka 1977 ndiyo hii. Umoja ukijulikana na wenye malori peke yao, mama wa sokoni hatautetea siku ukitikiswa. Atautetea kwa nini? Haujui.

TUNAPOFUNGIANA MLANGO

Mnadhani yaliyotokea 1977 yamekwisha? Hebu tuhesabu.

Januari 2008, baada ya uchaguzi wetu, vijana waling'oa reli pale Kibera na barabara zikafungwa. Uganda na Rwanda wakakosa mafuta. Watu ambao hawakupiga kura Kenya walilala gizani kwa ajili ya kura za Kenya.

Oktoba 2017 maafisa wa Tanzania walichoma vifaranga 6,400 vilivyotoka Kenya pale Namanga. Walisema wanazuia ugonjwa wa ndege. Februari 2019 mpaka wa Rwanda na Uganda pale Gatuna ulifungwa kwa ugomvi wa wakubwa, na haukufunguliwa mpaka mwisho wa Januari 2022. Miaka mitatu mtu hawezi kwenda kumzika shangazi yake ng'ambo.

Mnatikisa vichwa. Mnasema, hao ndio wabaya. Haya, sasa tujitazame sisi.

Tarehe 5 Machi 2021 Kenya ilipiga marufuku mahindi ya Uganda na Tanzania, ghafla, kwamba yana sumu ya ukungu. Malori yakapanga mstari hapa, mnakumbuka. Baada ya siku chache marufuku iliondolewa, kukawekwa masharti: mwagizaji ajiandikishe, mzigo uwe na cheti cha asili, na uwe na cheti cha kuonyesha kwamba sumu ya aflatoksini haizidi sehemu 10 katika bilioni. Na kabla ya hapo, mwishoni mwa 2019 na mwanzo wa 2020, tulizuia maziwa ya Uganda.

Je, sumu ile ni uongo? Hapana. Mwaka 2004 aflatoksini iliua watu 125 katika nchi yetu, wengi wao huko Ukambani, na mahindi yale yalikuwa ya nyumbani, hayakutoka ng'ambo. Sumu haina pasipoti. Mahindi yasiyokauka vizuri ni hatari yakiwa ya Tororo, na ni hatari yakiwa ya Makueni. Basi tatizo halikuwa kupima. Kupima ni haki yetu sote. Tatizo lilikuwa kufunga lango bila kumwambia jirani mapema, wakati tuna kipimo kimoja tulichokubaliana sote katika Jumuiya.

Jirani akiona hivyo atasema nini? Atasema Mkenya anapenda soko langu lakini hapendi bidhaa yangu. Na tukiwa wakweli, ana hoja. Uganda imekuwa soko letu kubwa katika Afrika kwa miaka mingi. Simamieni pale langoni asubuhi muone kinachokwenda kule: saruji, mabati, mafuta ya kupikia, sabuni, vyombo vya plastiki. Hivyo vinatoka viwandani, na vinawapa kazi watoto wetu wa Nairobi, Thika na Eldoret. Kinachokuja huku ni nini? Mahindi, maharagwe, mayai, maziwa, ndizi. Basi tukizuia mayai na maziwa, Mganda atanunua sabuni yetu kwa pesa gani?

Hapo tumerudi kwenye sababu ya tatu ya mwaka 1977. Mkulima wetu wa maziwa naye ana machozi yake, sikatai. Mchungaji wa kuku wa Kakamega analalamika kwamba mayai ya Uganda yanashusha bei. Lakini dawa yake ni chakula cha kuku kilicho rahisi, mkopo wa riba ndogo na barabara. Tukimfungia jirani lango, kesho mwenye kiwanda cha sabuni atafungiwa lake, na kijana wako aliye pale atarudi nyumbani na sanduku la bati kama baba yangu mdogo.

DUNIA NAYO INATUTAZAMA

Sasa nafika kwenye lile neno kubwa, dunia.

Biashara kubwa ya nchi za Ulaya hufanyika kati yao wenyewe, zaidi ya nusu ya mauzo yao. Sisi katika Jumuiya, kwa muda mrefu biashara kati yetu imekuwa karibu asilimia 15 tu ya biashara yetu yote. Kahawa, chai, maua na madini tunapeleka mbali, tena mara nyingi yakiwa mabichi. Lakini angalieni, vitu vilivyotengenezwa viwandani tunauziana hasa sisi kwa sisi. Mabati ya Mombasa hayaendi Ujerumani, yanakwenda Mbale na Goma. Kwa hiyo nchi maskini ikitaka kujifunza kutengeneza vitu, mteja wake wa kwanza ni jirani. Hiyo ndiyo faida ya kwanza.

Faida ya pili ni sauti. Niwape hadithi ya mitumba, maana hakuna aliye humu ambaye hajavaa mtumba.

Machi 2016 marais wa Jumuiya walikubaliana kwamba nguo kuukuu kutoka nje zipunguzwe mpaka ziishe kufikia 2019, ili viwanda vyetu vya nguo vifufuke. Wauzaji wa nguo hizo huko Marekani wakalalamika kwa serikali yao. Marekani ilikuwa na sheria ya tangu mwaka 2000 iliyoitwa AGOA, iliyoruhusu nchi nyingi za Afrika kuuza huko bila ushuru. Ikasema, mkiendelea, tutawatoa. Kenya ilikuwa na viwanda vya kushona nguo za kupeleka Marekani na maelfu ya wafanyakazi. Kenya ikarudi nyuma. Tanzania na Uganda nazo zikarudi nyuma. Rwanda ikabaki peke yake. Ilikuwa imepandisha ushuru wa mitumba kutoka senti 20 za dola kwa kilo hadi dola mbili na nusu, nayo ikakataa kushusha. Julai 2018 Marekani ikaiondolea Rwanda nafasi ya kuuza nguo bila ushuru.

Sisemi kwamba kupiga marufuku mitumba kulikuwa jambo jema. Humu ndani kuna mama aliyesomesha watoto watatu kwa mitumba, na hakuna aliyekuja kumwuliza kabla ya kuamua. Hilo nalo lilikuwa kosa. Lakini mnaona jinsi ilivyokuwa? Walikubaliana pamoja, wakaogopa mmoja mmoja, na mwenzao akaadhibiwa akiwa peke yake.

Na tena mambo ya Ulaya. Mwaka 2014 Jumuiya ilikamilisha mazungumzo na Umoja wa Ulaya kuhusu biashara. Wenzetu wengi, kwa kuwa wanahesabiwa kati ya nchi maskini zaidi, tayari walikuwa wakiuza Ulaya bila ushuru. Kenya peke yake ndiyo iliyokuwa hatarini. Kwa miezi karibu mitatu mwishoni mwa mwaka ule maua yetu yalitozwa ushuru. Mwaka 2016 Kenya na Rwanda zilitia sahihi. Tanzania ikakataa, ikihofia viwanda vyake kumezwa. Mwishowe Kenya ikaenda peke yake. Mkataba wake na Ulaya ulitiwa sahihi Desemba 2023, ukaanza kazi Julai 2024. Nani alikosea hapo? Kila mmoja alikuwa na sababu yake. Lakini tajiri anayeketi na maskini mmoja mmoja hana haja ya kuharakisha. Yeye husubiri tu mpaka mwenye shida kubwa aje kubisha hodi.

Haya ndiyo mnayoulizwa katika kichwa cha leo. Nchi ndogo zikiungana kwa haki, zinaweza kusema na wakubwa wa dunia na zikasikiwa. Sasa bara zima linajaribu. Mkataba wa biashara huria wa Afrika ulitiwa sahihi Kigali Machi 2018, na biashara chini yake ikaanza rasmi Januari 2021. Lakini kama Busia na Malaba zinatushinda, tutawezana vipi na Lagos na Cairo?

TUFANYE NINI SISI?

Najua mtasema, hayo ni ya marais. Mengine ni yao kweli. Lakini mengine ni yetu.

Kwanza, jueni haki yenu. Kila kikundi kichague mtu mmoja aende kituo cha mpakani, aulize kuhusu cheti kile, aone orodha, arudi afundishe wengine. Mtu akikuomba pesa, omba risiti. Asiye na risiti hana haki.

Pili, kausheni nafaka vizuri. Msianike mahindi juu ya udongo, tandikeni turubai. Nunueni pamoja kipimo cha unyevu. Gunia lililokauka vizuri hujitetea lenyewe langoni.

Tatu, vukeni pamoja. Mwanamke mmoja na kikapu chake huonewa. Wanawake ishirini wenye kitabu cha kikundi huheshimiwa. Na fanyeni urafiki na vikundi vya upande wa pili. Siku lango likifungwa, msipige kelele kila mmoja kwao. Andikeni barua moja, sahihi za pande zote mbili.

Nne, kila nchi ina wabunge tisa wa kuchaguliwa katika Bunge la Afrika Mashariki lililoko Arusha. Nani hapa anamjua hata mmoja wao? Naona kimya. Basi waiteni. Waje waketi hapa mlipoketi.

Tano, na hili ni gumu. Mwanasiasa akija hapa akasema, "Tutafunga mpaka ili mpate bei nzuri," mwulizeni, "Na siku wenzetu wakifunga wa kwao je?" Mpigieni makofi baada ya kujibu.

Baba yangu mdogo alikaa na sare yake ya reli mpaka ikaliwa na mende. Alikuwa akiitoa, akiikung'uta, akiirudisha. Hakulaumu Watanzania wala Waganda. Alikuwa akisema tu, "Tulikuwa na kitu kizuri, lakini kila mtu alihesabu chake." Sisi tumepewa kitu kile kwa mara ya pili. Wengi hawapewi mara ya pili. Tukihesabu, basi tuhesabu na cha jirani.



MASWALI YA KUJADILIANA KATIKA VIKUNDI

1. Katika kikundi chetu, nani anavusha nini, na kupitia njia gani? Ni nini kinachotufanya tuogope kupita langoni?

2. Ni bidhaa gani za jirani zinazoshusha bei ya mazao yetu? Ni msaada gani ungemsaidia mkulima wetu bila kufunga mpaka?

3. Mzungumzaji anasema Mkenya anapenda soko la jirani lakini hapendi bidhaa yake. Je, ni kweli? Toeni mifano ya hapa kwetu.

4. Marais walipoamua kuhusu mitumba mwaka 2016, ni nani walipaswa kuulizwa kwanza? Wangeulizwaje?

5. Chagueni jambo moja kati ya yale matano mtakalofanya kabla ya mkutano ujao. Nani atalisimamia, na lini atatoa ripoti?